Kurekebisha Si Kugeza: Istilahi za Utunzaji wa Multimeta ya Mshale

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi katika Kiswahili cha ufundi, kitenzi "kurekebisha" hakina budi kutajwa mwanzo. Jambo hili lilitudhihirikia tulipoletewa, ili tuipitie, tafsiri ya maelezo ya kurasa mbili yaliyokusudiwa kubandikwa katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi. Maelezo yenyewe yalihusu utunzaji wa multimeta za zamani, zile zenye mshale unaotembea juu ya skeli. Mfasiri alikuwa mtu mwangalifu, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, neno "rekebisha" lilitokea mara kumi na moja, na tulipoyalinganisha maelezo hayo na matini ya asili tulikuta kwamba neno hilo moja limesimama mahali pa vitendo vitano: kugeuza skrubu iliyo usoni pa mita, kuzungusha kifundo cha omu, kubadili betri, kutengeneza kilichoharibika, na kuilinganisha mita na nyingine iliyo bora kuliko yenyewe.

Mwanafunzi aliyeambiwa "rekebisha mita kabla ya kupima" afanye lipi kati ya hayo matano? Akigeuza skrubu pale ambapo alitakiwa kulinganisha tu, ataiharibu mita iliyokuwa nzima. Akidhani kwamba kuzungusha kifundo ni sawa na kuthibitisha usahihi, ataiamini mita isiyostahili kuaminiwa. Na katika kazi ya umeme, imani ya namna hiyo imekwisha kuondoa roho za watu. Kwa hiyo, katika makala haya tunakusudia kueleza kwanza jinsi multimeta ya mshale inavyofanya kazi, kisha jinsi hitilafu zake zinavyotafutwa na usahihi wake unavyopimwa, na katika kila hatua tupendekeze neno litakalotenganisha kitendo kimoja na kingine.

1. Chombo chenyewe na jina lake

Multimeta ni chombo kimoja kifanyacho kazi ya vyombo vitatu: hupima mkondo wa umeme kwa ampea, volteji kwa volti, na ukinzani kwa omu. Mojawapo iliyopata sifa kubwa duniani ilibuniwa Uingereza na Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya nchi hiyo, ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Iliitwa AVO, kwa herufi za mwanzo za vizio hivyo vitatu. Mita ya jamii hiyo iitwayo Model 8 ilitokea mwaka 1951, na kwa mabadiliko ya hapa na pale iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2008.

Kutokana na sifa hiyo lilizaliwa neno "avometa", ambalo mafundi huweza kulitumia kwa multimeta yoyote, hata ile ambayo haikutoka katika kiwanda hicho. Hili si jambo geni katika lugha yetu. Dawa ya viatu tumeiita "kiwi", na siagi ya mimea tumeiita "blubandi", bila kuuliza kopo limetoka wapi. Hatuoni sababu ya kulifukuza neno hilo karakanani. Lakini katika hati rasmi, katika mitihani na katika zabuni za serikali, tunapendekeza litumike neno "multimeta", ili jina la mali ya mtengenezaji mmoja lisiwe jina la aina nzima ya vyombo. Pale inapohitajika kuitofautisha na ile ya tarakimu, iitwe "multimeta ya mshale".

Moyo wa chombo hiki ni koili ya waya mwembamba wa shaba iliyotundikwa katika mwanya wa sumaku ya kudumu. Mkondo ukipita katika koili, koili hugeuka na mshale ulioshikamana nayo husogea. Springi mbili nyembamba kama unywele huipinga koili hiyo, na mkondo ukikatika huirudisha mahali pake. Katika Model 8 inatosha mkondo wa microampea 50, yaani sehemu 50 za milioni moja ya ampea, kuufikisha mshale mwisho wa skeli. Ukigawanya volti 1 kwa mkondo huo unapata omu 20,000. Ndiyo sababu huelezwa kwamba mita hiyo ina omu 20,000 kwa kila volti.

Koili nyepesi kama hiyo haiwezi kubeba volti 100 wala ampea 1. Ili ipime volteji kubwa, huwekewa rezista kubwa katika mfuatano, nayo hupunguza mkondo. Ili ipime mkondo mkubwa, huwekewa rezista ndogo sambamba nayo, ili sehemu kubwa ya mkondo ipite kando. Ili ipime ukinzani, hutumia betri iliyo ndani yake yenyewe: betri husukuma mkondo katika kitu kinachopimwa, na mkondo huo ukiwa mdogo, ndivyo ukinzani ulivyo mkubwa.

Hapa yatupasa kutoa tahadhari mbili za istilahi. Kwanza, baadhi ya waandishi hutumia "sanjari" kwa maana ya mfuatano. Asili ya neno inawaunga mkono, kwani kwenda sanjari ni kwenda mmoja nyuma ya mwingine. Lakini katika magazeti na hotuba "sanjari na" sasa ni "pamoja na", na msomaji anaweza kulielewa kinyume kabisa, kwamba ni sambamba. Rezista iliyofungwa sambamba pale ilipotakiwa kufungwa katika mfuatano huunguza koili mara moja. Tunapendekeza "mfuatano" na "sambamba" tu. Pili, thamani kubwa kabisa ambayo mita inaweza kuonyesha swichi yake ikiwa mahali fulani tunapendekeza iitwe "upeo". Swichi ikiwa kwenye upeo wa volti 100, mshale ukifika mwisho umeonyesha volti 100. Neno "masafa", ambalo wengine hulitumia hapa, limekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa redio kwa maana nyingine.

2. Sifuri mbili

Multimeta ya mshale ina sifuri mbili, na tafsiri nyingi huzifanya kuwa moja.

Sifuri ya kwanza iko mkono wa kushoto wa skeli. Ni mahali mshale unapolala wakati hakuna mkondo wowote. Tunaiita "sifuri ya utulivu". Usoni pa mita, chini ya kioo, kuna skrubu ndogo inayousogeza mshale kidogo kidogo. Skrubu hiyo hugeuzwa tu baada ya kutimiza masharti haya: mita imewekwa jinsi inavyotumiwa, yaani ikiwa imelala kama ndivyo ilivyoundwa, nyaya za kupimia zimeondolewa, na kioo kimepigwapigwa taratibu kwa ncha ya kidole ili mshale usiwe umekwama. Mita iliyotunzwa vizuri huweza kukaa miezi mingi bila kuhitaji kuguswa hapo.

Sifuri ya pili iko mkono wa kulia, kwani skeli ya omu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nyaya mbili zikigusanishwa, ukinzani baina yake ni kama hakuna, mkondo wa betri ni mkubwa kabisa, na mshale hukimbilia mwisho wa kulia. Hii ndiyo "sifuri ya omu". Husahihishwa kwa kifundo wala si kwa skrubu, na kazi hiyo hufanywa kila mara kabla ya kupima ukinzani na kila upeo wa omu unapobadilishwa, kwa sababu nguvu ya betri hubadilika siku hadi siku.

Mfasiri akiandika "rekebisha sifuri" bila kuongeza neno, msomaji hana njia ya kujua ni sifuri ipi. Katika maelezo tuliyoletewa, sentensi hiyo ilihusu kifundo cha omu. Lakini mwanafunzi asiyejua angeweza kuigeuza skrubu kila asubuhi hadi uzi wake ulegee. Sahihi ni kuandika: "Gusanisha nyaya, kisha zungusha kifundo mpaka mshale ufike kwenye sifuri ya omu." Maneno yameongezeka, na shaka imeondoka.

Mtego mwingine uko katika skeli hiyo hiyo ya omu. Katika multimeta nyingi za mshale, Model 8 ikiwamo, swichi ikiwekwa kwenye omu, waya mweusi ndio unaotoa chanya ya betri ya ndani na waya mwekundu ndio unaotoa hasi. Hutokea hivyo kwa sababu mkondo wa betri ya ndani hutoka nje ya mita badala ya kuingia. Kwa anayepima rezista jambo hili halina uzito. Kwa anayejaribu diodi, ambayo hupitisha mkondo upande mmoja tu, lina uzito mkubwa: ataiona diodi nzima kana kwamba imegeuzwa. Kwa hiyo mfasiri asibadilishe "waya mwekundu" kuwa "waya wa chanya" kwa kudhani kwamba ni kitu kimoja. Rangi ni rangi, na chanya ni chanya.

3. Hitilafu na kosa

Maneno haya mawili hutumiwa kama visawe katika mazungumzo, na hatuna ugomvi na mazungumzo. Katika maandishi ya vipimo tunapendekeza yatengwe. "Hitilafu" iwe ni ubovu wa chombo: kitu kimekatika, kimechafuka, kimekwama au kimedhoofika. "Kosa" liwe ni tofauti kati ya kile mita ilichoonyesha na thamani ya kweli. Kila mita ina kosa, hata iliyotoka kiwandani jana; si kila mita ina hitilafu. Fundi hutafuta hitilafu ili aiondoe, lakini kosa hulipima ili alijue.

Katika kutafuta hitilafu, utaratibu mzuri ni kuanza na mambo yanayoonekana kwa macho. Nyaya za kupimia za zamani hupasuka ngozi na hukatika ndani bila kuonekana kwa nje. Seli kavu zilizoachwa ndani kwa miaka huvuja na kula vibati vinavyozishika. Kwa hiyo mita inayowekwa ghalani ni lazima itolewe seli zake. Mishipi ya swichi huota kutu nyembamba, na mshale hurukaruka swichi inapoguswa. Fyuzi, pale ilipo, ikaguliwe. Model 8 ina kikatizi, yaani kitufe kinachofyatuka chenyewe mkondo unapozidi. Kabla ya kuihukumu mita kuwa imekufa, mtu aangalie kama kitufe hicho kimefyatuka, akirudishe.

Kisha utazamwe mshale. Usiporudi mahali pamoja kila mara, huenda pana vumbi au chembe ya chuma katika mwanya wa sumaku, au ncha za mhimili zimechakaa. Ukisogea kioo kinapopanguswa kwa kitambaa kikavu, hapana hitilafu ya ndani: ni umeme tuli juu ya kioo, nao huondoka kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo. Ukikaa kwenye sifuri mita ikiwa imelala lakini ukaiacha mita inaposimamishwa wima, basi vizani vidogo vya mshale haviko sawa. Mita hiyo itumiwe ikiwa imelala tu, mpaka ifikishwe kwa fundi mwenye mkono wa saa.

Baada ya hayo, hitilafu inayobaki hutafutwa kwa kuuliza swali moja: kosa limetokea wapi, na wapi halikutokea? Swali hili lina thamani kuliko vifaa vingi.

Kosa likiwa kwenye kila upeo, na kwa uwiano ule ule, hitilafu iko mahali panapotumiwa na kila upeo: sumaku iliyopungua nguvu, koili, au rezista zilizo karibu nayo. Kosa likiwa kwenye upeo mmoja tu, hitilafu iko katika rezista ya upeo huo. Likianzia kwenye upeo fulani na kuendelea juu yake, hitilafu iko katika rezista inayoingia mahali hapo, kwa kuwa katika mita nyingi rezista hufungwa kama mnyororo, kila upeo ukijumlisha pingili za upeo ulio chini yake. Rezista za kaboni, kadiri zinavyozeeka, aghalabu huongezeka ukinzani, na volteji huonekana pungufu kuliko ilivyo. Zile za waya hudumu zaidi.

Volteji ya mkondo mnyoofu ikisomeka vizuri na ya mkondo geu vibaya, mtuhumiwa wa kwanza ni rektifaya, yaani kile kinachougeuza mkondo geu kuwa wa upande mmoja ili koili iweze kuupima. Na hapa tunatoa rai kwamba kifaa hicho kisiitwe "kirekebishi", ingawa neno lenyewe linavutia. Mzizi huo umekwisha kuelemewa, tusiutwike tena.

Mshale usipofika kwenye sifuri ya omu, betri imechoka. Model 8 hutumia seli ya volti 1.5 kwa kupima ukinzani wa kawaida, na betri ya volti 15 kwa ukinzani mkubwa. Kwa hiyo ikiwa sifuri ya omu inapatikana kwenye upeo wa chini lakini haipatikani kwenye ule wa juu kabisa, betri ya volti 15 ndiyo iliyokwisha, na kugusa kitu kingine chochote ni kujisumbua bure.

Yako pia makosa yasiyo ya mita. Mtu akisoma mshale kwa kuutazama pembeni, ataona namba ambayo si yake. Hili huitwa kosa la paralaksi. Skeli za mita bora zina kioo cha kujitazamia chini ya namba: msomaji husogeza jicho mpaka mshale ukifunike kivuli chake, ndipo asome. Tena, mita yenyewe hunywa mkondo kidogo kutoka katika kile inachopima. Tuchukue rezista mbili, kila moja omu 100,000, zilizofungwa katika mfuatano kwenye betri ya volti 9. Baina ya ncha za kila rezista kuna volti 4.5. Lakini mita ya omu 20,000 kwa volti, ikiwekwa kwenye upeo wa volti 10, ni sawa na rezista ya omu 200,000 iliyoongezwa sambamba, nayo itaonyesha takriban volti 3.6. Mita haikusema uongo. Imeonyesha volteji iliyopo baada ya yenyewe kufika. Fundi asiyejua hivyo ataifungua mita akatafute hitilafu ambayo haimo.

4. Kugeza

Sasa tufike kwenye kitendo kilichotufanya tuandike. Tuseme mita imekwisha safishwa, betri ni mpya, na sifuri zote mbili ziko sawa. Je, inasema kweli? Hakuna skrubu wala kifundo kinachoweza kulijibu swali hili. Jibu hupatikana kwa njia moja tu: kuilinganisha mita hiyo na kitu ambacho thamani yake inajulikana kwa usahihi mkubwa zaidi, na kuandika tofauti.

Kitendo hiki ndicho tunachokiita "kugeza", na taaluma yake "ugezi". Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, linalo neno hilo katika jina la maabara yake ya ugezi. Hata hivyo, katika vyuo na maofisini bado halijaenea inavyostahili, na wengine hulidhani kuwa limebuniwa mezani. La hasha. Kugeza ni kufanya kitu kwa kukifuatisha kingine, na kutokana nacho tuna "kigezo", yaani kitu cha kufananishia, neno ambalo kila mwalimu analitumia. Aliye na kigezo hakosi kugeza. Ni nadra kwa lugha kuwa na neno la kitaalamu ambalo dada yake tayari yuko katika kinywa cha kila mtu.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mita inayogezwa na mita ya marejeo hufungwa sambamba kwenye chanzo kimoja cha volteji kinachoweza kupandishwa na kushushwa. Inafaa mita ya marejeo iwe na usahihi mara nne au zaidi ya ile inayogezwa. Volteji hupandishwa kutoka sifuri, na husomwa katika sehemu tano za skeli, tuseme 20, 40, 60, 80 na 100. Kisha hushushwa na kusomwa tena sehemu zile zile, kwani mshale wenye msuguano hutoa majibu mawili tofauti ukipanda na ukishuka. Kila somo huandikwa pamoja na hali ya joto, maana ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii ya Selsiasi.

Tuseme mita ya marejeo inaonyesha volti 40.0, na mita yetu volti 39.2. Kosa ni volti 0.8 pungufu, yaani hasi 0.8. "Sahihisho" ni kinyume chake, chanya 0.8: ndicho kiasi ambacho msomaji ataongeza ili apate ukweli. Mfasiri aangalie alama hizi mbili kwa makini, kwa kuwa jedwali la makosa likipewa kichwa cha "masahihisho", kila namba itasukumwa upande usio wake na kosa litakuwa maradufu.

Jambo jingine linalopotosha ni namna usahihi unavyotajwa. Mita ikielezwa kwamba kosa lake halizidi asilimia 1 ya mwisho wa skeli, maana yake ni kwamba kwenye upeo wa volti 100 inaweza kukosea volti 1 mahali popote. Ikionyesha volti 100, hiyo ni asilimia 1. Ikionyesha volti 20, volti hiyo hiyo moja ni asilimia 5. Kwa hiyo maneno "ya mwisho wa skeli" si mapambo. Mfasiri akiyaacha ameibadilisha ahadi ya mtengenezaji. Na fundi huchagua upeo utakaoupeleka mshale katika nusu ya juu ya skeli.

Tazama sasa kwamba tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi hii hakuna kilichobadilishwa ndani ya mita. Mita imetoka kama ilivyoingia. Kilichoongezeka ni ujuzi wetu juu yake. Msamiati wa kimataifa wa ugezi, katika toleo lake la tatu la mwaka 2008, unaonya waziwazi kwamba ugezi usichanganywe na kurekebisha chombo, wala na kuhakiki. Kurekebisha huweza kufuata baada ya kugeza: rezista yenye kosa hubadilishwa, au nguvu ya sumaku husawazishwa na fundi mwenye vifaa. Lakini chombo kikisharekebishwa ni lazima kigezwe upya, kwani masomo ya zamani hayana maana tena.

"Kuhakiki" nako ni kitendo cha mbali kidogo. Mwenye mizani sokoni anamjua mkaguzi wa Wakala wa Vipimo, anayekuja kutazama kama mizani iko ndani ya mipaka ya sheria. Jibu la uhakiki ni ndiyo au hapana: mizani imefaulu au imekataliwa. Jibu la ugezi ni namba. Hati ya ugezi haisemi kwamba mita ni nzuri. Inasema mita inakosea kiasi gani, na mwenye mita ndiye anayeamua kama kiasi hicho kinaifaa kazi yake. Ofisa anayeandaa zabuni akiandika kwamba vyombo "vihakikiwe" pale alipotaka "vigezwe", ataletewa stika badala ya jedwali.

Mita ya marejeo nayo imegezwa na iliyo bora kuliko yenyewe, na hiyo na nyingine, mpaka mnyororo unafika kwenye maabara ya taifa, na kutoka hapo kwenye ufafanuzi wa vizio vyenyewe. Tangu tarehe 20 Mei 2019, ufafanuzi wa ampea umesimama juu ya thamani isiyobadilika ya chaji ya msingi, ile aliyo nayo elektroni mmoja. Pingili moja ya mnyororo ikikosekana, kilicho chini yake ni makisio.

5. Mshale uliolala

Tumeacha kwa makusudi jambo zito kuliko yote liwe la mwisho. Katika maelezo yale ya karakana palikuwa na sentensi hii: "Mita ikionyesha sifuri, hakuna umeme." Kwa sarufi haina dosari, lakini kwa maana inaweza kuua.

Mshale uliolala kwenye sifuri una maana zaidi ya moja. Huenda kweli hakuna umeme. Huenda waya wa kupimia umekatika, au fyuzi imeungua, au kikatizi kimefyatuka. Huenda pia swichi imewekwa kwenye mkondo mnyoofu ilhali kinachopimwa ni mkondo geu. Hapo koili husukumwa huku na huku mara nyingi kwa sekunde, haiwezi kufuata, na mshale hubaki sifuri au hutetema kidogo tu, ingawa volti 230 zipo. Mkono ukifuata ushauri wa mshale huo, hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyeandika sentensi.

Iandikwe hivi: "Mita ikionyesha sifuri, usiamini kwamba hakuna umeme mpaka umeijaribu mita kwenye chanzo kinachojulikana kuwa kina umeme, kabla ya kupima na baada ya kupima." Na iongezwe kwamba swichi huanzia kwenye upeo wa juu kabisa, kwamba ukinzani haupimwi katika saketi yenye umeme, na kwamba mita za zamani, ambazo hazikujengwa kwa masharti ya usalama ya leo, zisipelekwe kwenye ubao mkuu wa umeme wa jengo. Mahali pake ni mezani, kwenye saketi za volteji ndogo, na darasani, ambako mwanafunzi akiutazama mshale unavyopanda anaelewa mkondo ni nini kuliko akitazama tarakimu.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kupima: kutafuta thamani ya kitu kwa chombo.

Kurekebisha: kubadili mpangilio wa chombo, kwa skrubu, kwa kifundo au kwa namna nyingine, ili kionyeshe inavyotakiwa. Kitajwe daima kinachorekebishwa.

Kutengeneza: kuondoa hitilafu kwa kubadili au kuunga sehemu ya chombo.

Kugeza: kulinganisha chombo na marejeo na kuandika tofauti, bila kukibadili.

Kuhakiki: kuthibitisha kwamba chombo kimo ndani ya mipaka iliyowekwa.

Hitilafu: ubovu wa chombo.

Kosa: tofauti kati ya kilichoonyeshwa na thamani ya kweli.

Sahihisho: kiasi kinachoongezwa kwenye somo ili kuondoa kosa.

Upeo: thamani kubwa kabisa inayoonyeshwa swichi ikiwa mahali fulani.

Sifuri ya utulivu: mahali pa mshale wakati hakuna mkondo.

Sifuri ya omu: mahali pa mshale nyaya zikigusanishwa kwenye upeo wa ukinzani.

Kikatizi: kinachokata mkondo chenyewe unapozidi.

Mita ya marejeo: mita yenye usahihi mkubwa zaidi inayotumiwa kugeza nyingine.

Kwa mfasiri aliyeshika kalamu na kufikia kitenzi hiki, tunatoa kanuni moja fupi. Kabla hajaandika "rekebisha", ajiulize: katika kitendo hiki, ni kitu gani kinachobadilika? Ikiwa ni mpangilio wa chombo, aandike kurekebisha na akitaje kinachorekebishwa. Ikiwa ni sehemu ya chombo, aandike kutengeneza. Ikiwa hakuna kinachobadilika ila ujuzi wetu, aandike kugeza. Na ikiwa kinachotafutwa ni ndiyo au hapana, aandike kuhakiki. Maelezo yale ya karakana tuliyarudisha yakiwa na "rekebisha" mara mbili tu, na mara zote mbili palitajwa skrubu au kifundo. Walimu na mafundi wenye maneno bora kuliko haya tunawakaribisha wayalete, hasa yale yanayotumika tayari karakanani, kwa kuwa istilahi iliyokwisha kuota mizizi kwa wenye kazi ina nguvu kuliko iliyopandwa na kamati.